Kuunga

Chumba kiko juu ya duka la magodoro, Makupa:
ngazi ya chuma, dirisha lililogoma kufunguka,
na feni ambayo Bi Mwanakombo aliizima siku ya kwanza.
"Upepo si mwenzetu kazini," alisema.
Tukakaa na jasho letu, watu saba,
na mashine moja ya kuungia uzi wa kioo.

Wawili walitoka Garsen, watatu Msambweni.
Mwakio wa Voi alilala kwa shangazi yake Chaani,
akija kwa miguu ili nauli igeuke chakula cha mchana.
Mimi ni Kadzo, wa Kaloleni.
Nilikuja na cheti cha kompyuta
kilichonifundisha kuwasha na kuzima.

Hatukugusa kitu hadi saa sita.
Aling'oa unywele mmoja kichwani mwangu, bila kuomba,
akaulaza juu ya karatasi nyeupe. Ukajikunja.
"Na uzi wetu hivyo hivyo, haupendi kunyooshwa.
Ndani yake mna njia nyembamba kuliko huu.
Humo mnapita mshahara wa mtu,
na matusi yake, na picha ya mwanawe."

Kisha akatuambia lile lililomuuma.
Nyaya zinatoka baharini papa hapa, mlangoni petu,
na vijana wa hapa walipewa sururu.
Mafundi waliletwa kwa ndege, wakalala Nyali,
wakaunga, wakaondoka na ujuzi wao mfukoni.
Yeye aliwapikia chai miaka miwili
akiangalia mikono yao.
Hakuna aliyemfunza. Hakuna aliyemfukuza.

Menya. Futa kwa spiriti. Kata.
Mashine ilikikataa kiungo changu cha kwanza,
na cha pili, na vingine sitavihesabu.
Cha tisa au cha kumi kilikubali,
kioo kikaandika hasara: sifuri nukta moja nane.
Nikatabasamu.
Akakivunja kwa kucha.
"Tena."

Nilimchukia mpaka Alhamisi.

Kwetu kuunga ni kazi ya mchuzi,
tui la mwisho, mama akionja kiganjani.
Kuunga ni mfupa wa mjomba aliyeanguka mnazini,
ni kwenda msibani kwa watu mliogombana nao.
Sikujua neno hili lilikuwa limeweka nafasi
kwa cheche ya bluu na vipande viwili vya kioo
vinavyoyeyuka na kusahau kwamba vilikuwa viwili.

Mwezi wa tano, greda lilikata waya Mikindani.
Zahanati ikakosa mtandao, na mvua ilikuwa ile ya kunyesha ubavuni.
Simu yake: "Kadzo, njoo na buti."

Nilidhani nitamshikia tochi.
Akanipa kiti, akaishika tochi yeye,
na mkono wa pili akanifunika kwa mwavuli uliovunjika mbavu.
"Macho yangu yamenitoroka tangu Ramadhani," alisema,
kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

Nikakumbuka wiki zote zile
alivyosimama nyuma yetu akitazama ukutani.
Hakuwa akitazama ukuta.
Kata nzuri ina mlio wake,
mdogo, kama kucha ya mtoto ikikatwa.
Alikuwa akitusikiliza.

Nikamenya. Nikafuta. Mkono ulitetemeka, nikangoja utulie.
Nikakata.
"Hiyo," alisema, kabla sijainua kichwa.

Cheche. Kioo kikaandika: sifuri nukta sifuri mbili.
Nilimtazama, nikitaka neno,
lolote, hata la kukopa.
Maji yalimdondoka kwenye ncha ya mtandio.

"Zimebaki arobaini na saba," akasema.
"Sogea kidogo, unalowa."